Mwanangu Husimama Nikiingia

Mpendwa mshauri,

Kila wiki nimekuwa nikisoma ukurasa wako na kuwacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anakosaje wa kumwambia shida zake, na leo kicheko kimenirudia, naomba msaada wako kwa sababu wa kumwambia ninaye, ni dada yangu, lakini ndiye huyohuyo niliyemkosea.

Mimi ni mwalimu wa kusomea. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, baba yake alishakwenda zake, ajira za ualimu zilikuwa hazipatikani, nikapata kazi nje, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nikamwachia mtoto dada yangu mkubwa ambaye ni fundi cherehani, nikasema naenda mwaka mmoja tu nijipange, na mwaka ukazaa mwaka mpaka ikawa saba, saba ya kupiga pasi mashuka ya watu nisiowajua huku mwanangu nikimwona kwenye simu, mara ana meno, mara ana mapengo, mara meno makubwa yameshaota.

Nimerudi mwanzoni mwa mwaka huu. Nilizunguka shule nyingi na vyeti vyangu kwenye bahasha, kila mwalimu mkuu akiniuliza miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha wapi nami nikijibu sikufundisha, mpaka shule anayosoma binti yangu wakanichukua, mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amehama, na darasa la tatu ndilo darasa lake. Nilifurahi mno, mshauri, nikaona Mungu amenipangia, nitakuwa naye kutwa, nitamshika mkono kumrekebisha mwandiko, atanizoea. Kweli alinizoea, ila alinizoea kama mwalimu. Nikienda jioni kwa dada, nikitokeza tu mlangoni, binti yangu anaacha alichokuwa anafanya, anasimama wima, mikono nyuma, "Shikamoo, Mwalimu," na haketi mpaka nimwambie aketi. Watoto wa dada wanacheka mpaka wanaanguka kwenye makochi, mimi nacheka nao, halafu nikifika kwenye chumba nilichopanga nalia.

Sasa majuzi kwenye kipindi cha Kiswahili niliwaambia wanafunzi waje mbele mmoja mmoja waeleze habari za mtu wa nyumbani kwao. Zamu yake ilipofika akasema mama yake ni fundi cherehani, anaweza kubana pini mdomoni na bado akamgombeza mtu, na yeye akiumwa mama huhamia kitandani kwake wakalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Wenzake walicheka vizuri tu, na mimi kazi yangu ilikuwa kusema apigiwe makofi. Badala yake nikausikia mdomo wangu unasema, "Sema ukweli. Mama yako ni nani?" Akanitazama. Nikasema, "Mama yako ni mimi, na wewe unajua."

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, sasa yule anayemshonea sare ni nani?" Nikageuka kufuta ubao. Binti yangu alirudi kwenye dawati lake, akalaza kichwa juu ya mikono mpaka kengele ilipolia.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anasema tumbo linamuuma na shule haendi. Wenzake wamempa jina, Mama Wawili. Dada yangu hakunigombeza, na heri angenigombeza, aliendelea kukanyaga cherehani yake akaniambia, "Ungeniambia mimi kwanza." Na sasa msimamizi wangu wa kule hotelini amenipigia simu kwamba nafasi yangu bado ipo, nikiitaka nirudi kabla ya mwezi kwisha, na upande mwingine moyo unaniambia nimchukue mtoto kwa nguvu shule zikifungwa, nikae naye chumbani kwangu, apende asipende, maana ni wangu, nimemzaa mimi. Nirudi nilikotoka au nimchukue? Najuta kuondoka, najuta kurudi, na zaidi ya yote nakijutia kipindi kile.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mshauri anajibu:

Mwalimu wangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani ungekuwa karibu nikufinye.

Kuondoka sikulaumu. Ulikwenda kutafuta, na aliyekwenda kutafuta hana kesi kwangu. Kosa lako ni la majuzi na bado ni bichi, kwa hiyo linatibika. Ulimsimamisha mtoto mdogo mbele ya wenzake ukamtaka achague, tena ukiwa umeshika chaki. Angejibu nini? Angesema ni wewe, angemkana aliyemlea. Angesema si wewe, angekukana wewe, na ndiwe unayemsahihishia daftari. Akanyamaza. Mtu mzima katika chumba kile alikuwa yeye.

Halafu unamwambia aseme ukweli, kana kwamba alidanganya. Dada yako ni mama yake mkubwa tangu siku aliyozaliwa, angekuwa mama yake hata kama wewe usingepanda ndege. Hakuna aliyekunyang'anya kitu.

Habari ya kurudi hotelini futa. Ukiondoka sasa, atakachokumbuka ni kwamba mama alikuja, akamwaibisha, akaenda zake. Kumchukua kwa nguvu nako futa. Mtoto si sanduku uliloliacha kwa dada ulifuate ukirudi.

Fanya hivi. Leo hii nenda kwa dada yako, bila vitabu na bila zawadi, umwombe radhi na umshukuru, maana katika barua yote hiyo ndefu sijaona mahali umemshukuru. Akiwepo yeye, mwambie mtoto kwamba alichosema mbele ya darasa kilikuwa kweli na aliyekosea ni wewe. Kesho yake liambie darasa maneno hayohayo. Hutapungukiwa kitu, na huo utani wa Mama Wawili utapoa. Kisha mwone mwalimu mkuu akubadilishie darasa, hata akikupa wale wadogo wanaojikojolea, ili anayempa binti yako alama awe mtu mwingine.

Jioni nenda kama mtu wa nyumba ile. Osha vyombo, shona vifungo, dada yako akikufukuza jikoni usitoke. Mtoto akikuita Mwalimu, itika. Akiumwa, mwache dada alale naye mzungu wa nne, wewe leta maji. Utaumia, najua, na utaumia kwa muda mrefu. Ile miaka hairudi, sitakudanganya.

Ila iko jioni moja utaingia sebuleni umkute kajilaza kwenye kochi, miguu juu, anatafuna kitu, akutupie jicho mara moja kisha aendelee na yake bila kusimama. Usimfundishe adabu siku hiyo. Tafuta pa kukaa, ukae.