Kona ya Makosa ya Mafundi

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi.

Tulikuwa tunapanga blogu ya duka letu la ushonaji iwe na nini. Mimi nikasema tuweke picha za mishono na maelezo ya mteja kujipima nyumbani, basi.

Bosi akasema, "Tuongeze kona ya makosa ya mafundi. Kama yule aliyekata gauni la bibi harusi mikono yote miwili ya kushoto, akamwambia ndiyo fasheni."

Mikono yote miwili ya kushoto! Kasema hivyohivyo!

Wenzangu wamecheka, mbavu hawana. Mimi nikacheka kuwashinda.

Nani kamwambia? Maana nilikusimulia wewe peke yako.

Naona unaandika, unafuta, unaandika tena.