Siku Programu Mbili Ziligombea Sauti Yangu

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na hadi jioni hii bado inapiga bati hapa Kasulu. Baridi imeniingia mpaka vidoleni.

Leo nimeogopa. Nataka niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kujifanya jasiri.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sioni. Surua ilinipofusha nikiwa mtoto mdogo kule Busunzu, miaka ya sabini. Kompyuta yangu hapa nyumbani ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini na kila herufi ninayobonyeza. Sauti yenyewe si nzuri, ni kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Lakini ikinyamaza, mbele yangu linabaki sanduku lenye joto, basi.

Jumatano ikaanza kunyamaza.

Nafungua programu ya kuandikia, inasoma nusu ya neno, inakatika. Nabonyeza, hakuna jibu. Baada ya muda programu inajifunga yenyewe na kazi niliyoiandika inaondoka nayo. Nikiwasha muziki kwenye kompyuta hiyo hiyo, unalia vizuri. Kwa hiyo spika ni nzima. Kinachokufa ni kuandika.

Na wiki hii, kuliko wiki zote, nilihitaji kuandika. Ninatunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na Jumatatu asubuhi unatakiwa mezani kwa mkuu wa shule. Mkuu ni mtu mpole. Mara kadhaa sasa ameniuliza kwa upole kama nisingependa kuhamia maktaba nikapumzike. Upole ule unanitisha kuliko ambavyo ukali ungenitisha. Nikienda Jumatatu mikono mitupu, nitakuwa nimempa sababu.

Jana nilimpigia fundi wa mjini.

"Mwalimu, humo ndani kuna programu zinagombana," alisema. "Ilete tuifute, tupige window upya, itarudi kama mpya."

"Na vilivyomo?"

"Tutajaribu kuviokoa."

Hilo neno kujaribu lilinikata maini. Maandalio yangu yote ya masomo yamo humo. Na mtihani wenyewe umo humo, utakuwa juu ya meza ya duka ambalo kila mtu anaingia. Nikamwambia nitampigia tena, nikakata simu.

Lakini alikuwa amenipa neno la kufikiria. Zinagombana. Ni zipi?

Nilianza na programu ya kuzuia virusi, maana hiyo ndiyo hulaumiwa kwa kila kitu. Niliizima. Sauti ikakatika vile vile. Nikaondoa programu iliyokuja na modemu ya intaneti. Ikakatika. Haya yote nilikuwa nayafanya katikati ya ukimya, nikikumbuka kwa vidole tu kitufe kipi kinafuata kipi, bila kujua kama nimefungua kitu au nimekifuta. Kila nikibonyeza, jasho linanitoka kwapani, na nje ni mvua na baridi.

Leo mchana, nikiwa nasonga ugali, nikamkumbuka mdogo wangu Filbert. Alipokuja Krismasi aliniwekea programu mpya ya kusoma, hii ninayoitumia. Ile ya zamani hakuiondoa. Aliizima tu, akasema ikae, huenda mpya ikanisumbua. Je, kama imejiwasha? Zitakuwa mbili, zote zinataka kusoma, zote zinanyang'anyana vitufe ninavyobonyeza, mpaka ya kuandikia inashindwa na kuanguka.

Niliacha ugali ukaungua chini.

Njia ya kuthibitisha niliijua. Kompyuta inaweza kuwashwa kwa hali ya dharura, ikapakia vitu vya lazima peke yake, ukapata nafasi ya kuzima kinacholeta fujo. Tatizo ni kwamba katika hali hiyo yangu haitoi sauti kabisa. Mlango wa kwenda kurekebisha upo, ila mimi nikiuingia naingia kiziwi.

Nilihitaji macho ya mtu.

Niseme kwa nini ukimya unanifanya hivi. Mwaka tulioondolewa kwenye mashamba yetu kupelekwa kijiji kipya cha ujamaa, nilikuwa nimeshapofuka. Tulipanda lori. Mama alikuwa na Filbert mgongoni, mimi nimeshika kitenge chake, naye ananisemesha njia nzima ili nijue yupo. Lori liliposimama watu wakasukumana, kitenge kikanitoka mkononi, sauti yake ikakatika. Niliita "Mawe", kama tunavyomwita mama kwa Kiha, na wanaomwita hivyo walikuwa wengi. Alinipata kabla watu hawajamaliza kushuka. Sikupotea. Ila mwili wangu haujawahi kukubali kwamba sikupotea.

Jirani yangu wa karibu ni Mama Zuhura. Yeye na mumewe walikuja kutoka Tanga, wana duka la vyakula. Ni mtu mwema. Lakini binti yao Zuhura yuko kidato cha nne, darasani kwangu. Mtihani ulio ndani ya kompyuta hii ni wa Zuhura.

Nilisimama mlangoni na mwavuli muda mrefu. Kisha nikaenda.

Alikuja na kanga yenye harufu ya mafuta ya taa. Nikamwambia ukweli: kompyuta imekwama, nahitaji anisomee maneno, na humo kuna kitu ambacho hatakiwi kukiona.

"Niambie niangalie wapi," akasema. "Kwingine siangalii."

Tukawasha kwa hali ya dharura. Kimya. Nilikuwa nimekaa kando yake, mikono mapajani, namsikiliza akipumua na kutafuta mshale wa mausi. Sikuwahi kumwachia mtu kompyuta yangu hivi. Kila alipochelewa kujibu nilijiuliza anasoma nini. Nilijichukia kwa kujiuliza, na niliendelea kujiuliza.

Nilimwelekeza mpaka kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Kiingereza chake ni cha kusoma kama Kiswahili, herufi kwa herufi, na hiyo ndiyo ilinifaa, maana niliweza kuunganisha. Akasoma jina la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa la programu yangu mpya. Akashuka. Akasoma jina la ile ya zamani.

"Pembeni yake wameandika nini?"

"E-na-bledi. Na kwa yule mwingine vile vile."

Zote mbili zilikuwa macho.

Nikamwambia abonyeze ile ya zamani, kitufe cha kulia, achague neno la kuzima, linaloanza na D. Akalisoma: "Di-sa-ble." Ni neno lile lile Wazungu wanalotumia kwa watu kama mimi. Siku nyingine ningecheka. Akikosea mstari anaweza kuzima kitu kingine ambacho sauti inakitegemea, na hapo nitakuwa sina sauti kabisa.

"Soma tena jina kabla hujabonyeza."

Akasoma. Nikamwomba asome tena. Akasoma bila kunung'unika, akabonyeza.

Tukazima, tukawasha kawaida. Nilisikia feni ya ndani ikizunguka, kisha hakuna kitu, kisha bado hakuna kitu. Mama Zuhura alinishika mkono. Sauti ikaja, ile ya ndani ya ndoo, ikinitajia saa.

Nilifungua programu ya kuandikia haraka kama mwenye kiu. Haikuanguka. Ilifungua yenyewe faili lililofungwa vibaya mara ya mwisho, nami kwa furaha nikabonyeza kitufe cha kusoma. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba siko peke yangu.

"Swali la tisa," ikasema kwa nguvu. "Ukiwa mwenyekiti wa kijiji, andika hotuba kuwaasa wananchi juu ya uchomaji wa misitu."

Sauti niliyoiombea tangu Jumatano, niliinyamazisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilingoja aseme hakusikia, ili na mimi nijifanye nimeamini.

"Nimelisikia, Mwalimu," Mama Zuhura akasema. "Siwezi kulitoa masikioni. Libadilishe."

"Nakuamini, Mama Zuhura."

"Mimi sijiamini. Leo jioni nitamkuta anasoma, amechoka, nitamwonea huruma. Libadilishe, afaulu kwa akili yake."

Akajitanda kanga akaondoka. Hata chai hakunywa.

Sasa naandika hapa huku swali jipya la tisa likiwa nusu. Nahifadhi kila mstari. Sauti ikitulia kidogo kati ya sentensi, nahifadhi tena, na nadhani nitakuwa nafanya hivyo kwa siku nyingi. Kesho baada ya misa nitampigia Filbert anielekeze kuiondoa ile ya zamani moja kwa moja, nayo nakala ya kazi zangu iingie kwenye flashi.

Jumatatu nitamkabidhi mkuu mtihani. Akinitajia tena maktaba, nitamjibu kwamba sitaki. Mpaka sasa sijawahi kumwambia. Nimekuwa nikicheka tu na kubadilisha mazungumzo.

Nimelijaribu neno hilo hapa chumbani, kwa mdomo wangu, bila kubonyeza kitu chochote.

Sitaki, mkuu.

Limetoka dogo. Nitalirudia kesho.