Vitamini ya Chofere

Kingi, tarehe 20 mwezi wa munane 1967

Kwako kaka mukubwa Edmond, Buleusa,

Nakusalimia katika jina la Bwana, pamoja na Mama Victorine na watoto. Muhogo je, nguruwe wa pori wamewaachia kitu? Huku maharagwe iko, wote ni wazima, ila mimi mudogo wako ni muzima nusu, na ile nusu ingine inatetemesha kalamu. Usicheke maandishi. Masomo niliacha mwaka wa ine, lakini barabara imenifundisha kuliko mwalimu.

Barua yako imefika. Unasema Jumamosi utakuja na wajomba kumufukuza Mama Thacienne kwenye kilima, sababu alinitilia karuho, ile sumu yetu, katika pombe ya ndizi. Kaka, tangu niisome sijameza chakula. Ngoja nikueleze.

Unajua nilivyowapiga makofi wale waasi watatu mwaka wa 1964, Walikale. Ni uongo wangu, sikupiga muntu. Waliponishusha kwenye lori nilikimbia, nikalala ndani ya mutaro siku tatu nikikula majani. Tangu pale, nikisikia tawi linavunjika, moyo unataka kutokea mudomoni. Docteur mumoja wa Bukavu akanipa vidonge vya kutuliza woga. Alisema kimoja kwa siku, majuma machache tu, nisichanganye na pombe, na nisiache kwa gafula.

Vilinisaidia, siwezi kudanganya. Nililala, nikashika usukani tena kama bwana. Lakini majuma yakawa miaka, kimoja kikawa vine, nikinunua mwenyewe. Muke wangu Dancille nilimwambia ni vitamini ya machofere wakubwa. Aliniomba hata yeye nimugawie.

Sasa vita imefunga njia ya Bukavu, na chupa ikaisha. Siku ya ine mikono ilikuwa inacheza yenyewe, jasho, kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Nikaenda kwa Mama Thacienne nitulize mwili na kasiksi, ile pombe yake ya ndizi. Alionja yeye wa kwanza kwa murija, kama desturi. Nilipotoka nikaanguka njiani, povu mudomoni, ulimi nimeuuma.

Faustin, infirmier anayetunza wagonjwa wa misioni, ameniambia hakuna sumu. Ni mwili unadai vidonge nilivyoukatia mara moja. Amenipatia vichache, tunapunguza nusu kwa nusu, na pombe amenikataza kabisa, anasema vikikutana tumboni naweza kulala nisiamke.

Sasa neno lenyewe, kaka. Nilipozinduka, Dancille aliniuliza kama ni Mama Thacienne alinitilia sumu. Nilijua si yeye. Nikatikisa kichwa kusema ndiyo. Niliona afazali niitwe muntu aliyelishwa sumu kuliko mwanaume anayekunywa dawa ya woga. Tangu siku hiyo hakuna anayemusalimia. Jana walitupa mawe juu ya nyumba yake. Ni mujane, hana wa kumusemea.

Soma barua hii mbele ya wajomba, usiruke kitu. Dancille nimemwambia leo asubui. Akachukua jembe, akaenda shambani. Naandika nikiwa nimeketi kwenye mulango wa Mama Thacienne. Nimebisha, nimeomba musamaha kupitia mbao, bado hajanifungulia. Nitakaa hapa mpaka Jumamosi. Mukija, mutanikuta mimi kwanza. Nitakuwa natetemeka, lakini musiseme ni sumu.

Wasalimie wote wa Buleusa, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mudogo wako,
Nzabonimpa Séraphin, chofere