Bip ya Mama

Jumapili, 2 Julai 2023

Mama amebip. Mara mbili, akakata. Maana yake: niko muzima, laleni. Mimi nimemrudishia moja: nimesikia. Ndiyo maongezi yetu ya leo. Bure kabisa! Kampuni za simu zikale majani.

Simu inaning'inia kwenye msumari wa dirisha la jikoni, ndani ya kikapu kidogo. Hapo tu ndipo réseau ya simu ya Congo inashika. Ukisogea hadi mezani — imekufa, umerudi Rwanda. Ukipiga Kalemie kwa laini ya Rwanda, hujamaliza salamu unité za simu zimeisha. Kwa laini ya Congo ni bei ya mtu na jirani yake. Donc sisi wa hapa Gisenyi tunalala Rwanda na kuongea Congo, dirishani, shingo nje. Wenzetu wa Kigali hawana dirisha kama hilo.

Lakini tangu Aprili hata dirisha halinisaidii. Mikro ya simu ya Mama imekufa. Nikimpigia, inaita mpaka inachoka. Mume wangu, Papa Cyiza, ndiye aliyeniambia: dada yako Feza anasema sauti haitoki wala haiingii, ni bip tu zinapita. Bon. Bip basi.

Na bip haipokelewi, hiyo ni sheria ya Mama. "Ukipokea umekula unité zangu, mwizi we!" Mwaka juzi nilipokea kwa makosa, akaninunia wiki nzima. Leo ningependa aninunie. Kwa sauti yake.

Mwanangu Cyiza amelala ndani ya kitenge cha ndege wa bluu. Mama alimtumia alipozaliwa. Kitenge chake cha kanisa! Kile kimoja cha maana alichokuwa nacho. Sasa unavaa nini Jumapili, mama we?


Jumatano, 5 Julai

Nimekasirika. Nimeandika kwa dada yangu, Yaya Feza, kwenye WhatsApp: nimepata simu ya kumtumia Mama, si mpya lakini mikro yake iko sawa, kuna mtu anashuka Uvira, atampa mwenye boti. Amejibu baada ya siku nzima. Sauti fupi, kama anaongea amefunika mdomo: "Tutaona, mudogo yangu. Nyonyesha mutoto kwanza."

Tutaona nini? Simu ni simu!

Nikamwambia basi, simama karibu na Mama na simu yako, nimsikie hata kidogo. Anajibu: Mama iko kwenye shamba. Jana Mama iko kwenye maombi. Wiki iliyopita Mama iko kwa bibi fulani mgonjwa. Mwanamke wa magoti mabovu anazunguka Kalemie yote kama mwenye kutafuta kura!

Nimelia kidogo. Ndiyo, kwa hasira. Mjukuu wake ana wiki hizi zote na hajamsikia hata akilia. Watu wengine mama zao wanapanda boti, wanapanda basi, wanakuja kumkanda mzazi tumbo. Mimi wangu anabip.

Papa Cyiza amesema punguza, mégas za intaneti zinaisha bure na maziwa yatakauka. Siku hizi kila kitu ni maziwa. Nikicheka sana, maziwa. Nikinyamaza, maziwa.


Jumatatu, 10 Julai

Mukantwari, jirani wa mlango wa bluu, amekuja kuomba chumvi. Chumvi gani! Alikaa kwanza. Akatazama mlango. Akasema, mi siko mutu wa kupeleka maneno, Mama Cyiza, unanijua. Namjua. Nilikaa vizuri.

Anasema jioni, akirudi kutoka mpakani, Grande Barrière, na mabeseni yake, anamwona mume wangu nyuma ya ofisi yao ya déclaration, ile ya makaratasi ya forodha, upande wa ziwa. Peke yake. Anatoa simu ndogo, ya touches za kubonyeza, si ile kubwa yake. Anabonyeza, anaiweka kwenye sikio kidogo, anairudisha mfukoni. Halafu anasimama tu. "Kila siku, ma chère. Mi nilifikiri unajua."

Sikujua.

Simu ya pili! Mimi nahesabu mégas, naning'iniza simu dirishani kama samaki wa kukausha, na yeye ana simu ya siri ya mwanamke!

Sasa nakumbuka na vingine. Aprili, nilipokuwa nimelazwa kitandani, daktari kanikataza hata kufagia kwa sababu ya mimba — yeye akasafiri Bukavu, eti lori limekwama kwenye makaratasi. Alirudi na kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa. Kinyozi aliharibu, alisema, ikabidi anyoe zote. Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Mjinga mimi! Mwanaume mwenye nywele nzuri vile ananyoa upara kwa ajili ya nani?

Amekuja kula. Amekula vizuri. Nimemtazama kila tonge.


Alhamisi, 13 Julai

Naandika haraka, sijui kama nitaweza kusoma hii kesho.

Nilikuwa nafua nepi za Cyiza jikoni. Simu ikaita — MAMA. Kikapu kikayumba, nikaogopa ingeangukia kwenye beseni, nikaidaka na mikono ya sabuni. Kidole kikateleza. Nikapokea.

Nikasema haraka, nisamehe Mama, nisamehe, nimeteleza! Kwa mazoea tu. Mikro si imekufa?

Haikufa. Nilisikia upepo. Nilisikia maji. Nilisikia mtu anapumua, halafu anaacha kupumua. Na nyuma yake sauti ya mwanamke, mbali kidogo: "Amandazi ashyushye! Amandazi!"

Ikakatwa.

Kalemie hakuna anayeuza mandazi kwa Kinyarwanda.

Nilikaa chini, kwenye maji ya sabuni. Huyo mama wa mandazi namjua. Anapita nyuma ya ofisi za mpakani kila jioni, na beseni lake na kitambaa cheupe.

Papa Cyiza akafika. Akaniangalia sana. Akauliza, mumeshindaje? Nikasema vizuri. Akasema Mama amebip? Nikasema amebip. Akaweka karatasi mezani.

Mandazi. Bado ya moto.

Sikula. Nimesema tumbo.


Ijumaa, 14 Julai

Papa Cyiza aliingia kuoga. Koti liko nyuma ya mlango. Mfuko wa ndani, soksi. Ndani ya soksi, simu.

Nilitaka iwe ya mwanamke. Naandika hivi na Mungu ananiona. Nilikuwa nimeshaandaa matusi, nimeyapanga vizuri.

Uzi mwekundu kwenye tundu la kamba. Kitufe cha tano kimefutika namba. Kona imefungwa kwa plasta ile ile ya hospitali aliyoifunga Mama mwenyewe. Nikafungua namba zilizopigwa. Jina langu. Jina langu. Jina langu, mpaka chini.

Sikufikiri. Yaani nilikataa kufikiri. Nilitoka mpaka nyuma, kwenye tanki la maji, nikampigia Feza kwa laini ya Rwanda, laini ya gharama, bila kuangalia kilichobaki. Nikasema: "Yaya, nimeshika simu ya Mama mukononi. Mama iko wapi?"

Akauliza nani amenipa. Nikasema sema! Akaanza kulia, na nikajua, na bado nikataka aseme.

"Tulisema ujifungue kwanza."

Aprili. Wiki moja baada ya Pasaka. Moyo, anasema. Asubuhi alifagia uwanja, mchana hayupo. Ukoo ukakaa: mwenye mimba hapelekewi msiba, na huyu mimba yake inashikwa na uzi, tutazika wawili. Nikajifungua. Wakasema mwacheni atoke kwenye siku za uzazi. Nikatoka. Wakasema ananyonyesha, akilia maziwa yanakauka. Kila mtu anamwachia mwenzake.

Na mume wangu, Védaste, alikwenda. Hakwenda Bukavu. Alifika Kalemie, akamwaga udongo kwa niaba yangu, akanyoa na wafiwa. Yeye ndiye aliyeomba kitenge. Na simu? Feza akasema: "Ni yeye. Alisema bila bip utajua siku hiyo hiyo. Alisema kule kwenu réseau ya Congo inavuka —"

Unité zikaisha. Katikati ya neno. Mwanamke wa mashine akaniambia salio langu halitoshi.

Sijui Mama amelala upande gani. Sijui kama alinitaja. Nilikuwa karibu kuuliza hayo.


Jumamosi, 15 Julai

Wote walijua!

Wanawake wa kanisa waliokuja kumwona mtoto, na uji na sabuni, wakaimba, wakaniambia mama yako atafurahi. Atafurahi! Mukantwari tu ndiye hakujua, masikini, ndiyo maana alisema.

Nilimcheka Papa Cyiza aliporudi kutoka mazikoni. Nilimwita balbu. Aliniacha nicheke.

Na mimi kila jioni nikirudisha bip yangu moja, nimesikia, Mama, lala. Nikienda kulala nimeridhika. Miezi hii yote nimemwambia mume wangu usiku mwema dirishani, halafu anaingia mlangoni nampa chakula.

Simu nimeirudisha ndani ya soksi. Sijui kwa nini. Sijalia. Nikianza, mtoto atakosa maziwa — tazama, hata mimi nasema hivyo sasa.


Jumapili, 16 Julai

Leo Papa Cyiza haendi kazini. Alikaa na Cyiza kifuani, wakalala wote wawili na midomo wazi. Nilimtazama nikataka kumpiga na nikataka kumfunika. Nywele zimeota, bado fupi.

Jioni amesimama, amevaa koti. Anakwenda kununua mkate. Mkate upo. Nimemwambia haya, nenda.

Nikakaa jikoni, na hili daftari. Kikapu kikatikisika. MAMA. Mara mbili. Kimya.

Sijarudisha.

Nimesikia jiko linapoa. Simu ikaita tena, mara mbili. Mama hakuwahi kurudia bip, alisema kurudia ni tamaa. Ikaita tena. Kwa dirisha namwona mume wangu, yuko kwenye kona karibu na ukuta wa Mukantwari, mgongo kwangu, mabega juu. Anangoja moja yangu.

Ameingia. Mikono mitupu, mkate ameusahau. Alimgusa mtoto mguu.

"Mama Cyiza. Mama amebip leo?"

"Bado."

"Bado?"

"Hajabip. Labda amesahau."

Uso wake! Alifungua mdomo. Nilisubiri. Vraiment nilisubiri, ningempa hata dakika nzima, aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, hapa mbele yangu. Akasema labda ni réseau. Akasema naenda kuangalia kitu nje.

Mlango haujafungwa sawasawa. Cyiza amejipindua ndani ya ndege wake wa bluu.

Inaita. Mara moja, mbili. Tatu. Hakati. Namsikia huko nje anapiga miguu kwenye changarawe. Inaita mpaka kikapu kinazunguka kwenye msumari. Imekatika yenyewe. Imeanza tena.

Anataka nipokee. Ameshindwa kusema akiwa ananitazama, anataka aseme humo, ndani ya simu.

MAMA, imeandikwa, na inawaka. Nikipokea, Mama amekufa. Kidole nimekikausha kwenye sketi, kimeshakauka, na bado inaita.