Yaa wa Siku ya Soko

Yaa,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ulikuwa ukilalamika kwamba nikikasirika nahamia lugha usiyoijua, nikusengenye huku unanitazama. Huko uliko sidhani unahitaji mkalimani.

Kitanda chako amepewa dada mmoja kutoka Nepal. Mpole, hana neno na mtu, ila akirudi kazini anageukia ukuta. Chumba chetu hapa Al Thumama, Doha, bado kinatetemeka ndege zikipita, na hakuna tena wa kuzipungia mkono akizituma zimsalimie mama yake.

Unakumbuka nilivyofika? Wengine waliniuliza natoka wapi, ajenti wangu nani. Wewe ulinipa maji, ukakaa kimya mpaka nikamaliza bilauri, ndipo ukauliza habari. Kwenu Ghana, ulisema, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba unaringa. Juzi nimerudi nimechoka, nikajimiminia maji, nikanywa, nikakaa kitandani. Nilikuwa nangoja kuulizwa, Yaa. Nilingoja mpaka nikajionea huruma.

Kisha ukataka kujua nilizaliwa siku gani. Nikakwambia jina langu Nekesa ni la mavuno. Sisi Wabukusu tunataja msimu, siku tunawaachia wenye kalenda. Tarehe ya kwenye pasipoti nayo ilikisiwa tu. Hukukubali. Ulisema mtu asiye na siku ni kama nyumba isiyo na mlango, lazima mama yangu apigiwe simu. Mama akasema nilizaliwa siku ya soko, uchungu ulimshika akiuza ndizi. Soko la kwetu ni Alhamisi. Ulipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenu msichana aliyezaliwa Alhamisi huitwa Yaa, kama wewe, na kuanzia hapo ukawa unasema sisi ni dada wa siku moja.

Siku hiyo yenyewe ilikuwa Alhamisi, ukampigia mama yako kama kawaida. Katika mji wenu Alhamisi ardhi hupumzika, jembe haliguswi, kwa hiyo mama hakosi nyumbani. Ukaniwekea simu sikioni, nikamwamkia kwa neno ulilonifundisha, naye akacheka sana. Sisi nasi, wenye siku ya mapumziko, Alhamisi ndiyo tulikuwa tunasugua sakafu za ofisi mpaka magoti yanalia, ili wenye ofisi waende zao mapumziko ya Ijumaa.

Halafu ile homa ya mapafu. Sitaki kuisema.

Walikusafirisha kwenu, wakakuhifadhi mochari majuma mengi hadi ukoo wote upatikane, wakakuzika Jumamosi. Niliona kwenye simu, watu wote wamevaa nyekundu na nyeusi, mji wenu mdogo ulioniambia hauna kelele ila za michi ikitwanga fufu, ugali wenu, jioni. Mtangazaji akataja watoto wa mama mfiwa mmoja mmoja, na mwishoni akasema, "Yaa wa Doha." Mama yako ndiye aliyetaka nitajwe. Nililia hapo kwenye ngazi, nikiwa na ndoo mkononi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilikuwa nazungumza na mama yangu habari za bei ya mahindi, akasema zamani, kabla ya barabara ya lami, soko letu lilikuwa Jumatatu. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe wa soko la zamani, mwanangu. Si nilikwambia?"

Jumatatu, Yaa. Mimi si wa siku yako hata kidogo.

Nilibaki na jambo hilo kichwani. Ijumaa, siku ya ibada huku, nikaenda kanisani Mesaimeer, nikashindwa hata kuimba. Kusema kweli niliogopa. Huku hakuna mtu anayeniita dada, na huko kwenu nina mama kwa sababu ya soko lililohama. Nikinyamaza, nakula upendo wa mama mfiwa kwa uongo. Nikisema, nabaki na nani?

Nikasema. Alhamisi iliyopita, mdogo wako akitafsiri kwa Kiingereza chake cha haraka. Nilimweleza mama yako habari za soko, lami, Jumatatu, yote. Mama akamwambia mdogo wako, "Muulize, sauti yake iliingia nyumbani mwangu mara ya kwanza siku gani?"

Nikasema Alhamisi.

"Basi alizaliwa Alhamisi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Halafu akauliza kama nimekula, akakata, maana hapendi simu ndefu, unamjua.

Upweke haujaniondoka, nisikudanganye. Dada wa Nepal bado anageukia ukuta. Jana nilimwekea maji kando ya mto wake wa kulalia, sikumuuliza kitu. Aliyanywa.

Lala, dada yangu, katika ardhi inayojua kupumzika. Nakuahidi jambo moja tu: kila Alhamisi, magoti yakilia yasilie, nitampigia mama. Nitamwacha acheke matamshi yangu. Na akiuliza ni nani, sitasitasita.

Ni mimi,
Yaa