Mkono Uliogeuzwa Mara Mbili

Bunia, Mudzipela, tarehe 12 Aprili 1976

Papa mpendwa,

Jambo Papa. Je, kifua kimekuachia upumue? Na yule mbuzi kilema amezaa? Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Emerance jirani yangu anakusalimu na kukukumbusha kwamba asali yako imekwisha.

Atelia yangu ya kuchapa picha inaendelea. Ile linoleum, zulia gumu la mpira niliyoing'oa sakafuni kwa Mgiriki alipofunga duka bado ipo, nusu nzima. Nachonga, napaka wino kwa rulo, naweka karatasi juu, nasugua kwa mwiko wa ugali mpaka mkono ufe ganzi, vile ulivyonifundisha. Mwezi uliopita nilitoa "Ng'ombe na Mvua", karatasi ishirini. Padri mmoja alinunua, walimu watatu, na Kaswera wa sokoni akaitundika moja juu ya magunia yake ya maharage. Anasema ng'ombe yule amefanana na mumewe.

Sasa sikia. Alikuja Laurent, yule niliyesoma naye (siku hizi majina ya Kizungu yamekatazwa, sote tumebatizwa upya na Chama). Ni karani wao. Wanataka karatasi ishirini na tisa za mkono ulioshika mwenge, alama ya Chama, moja kwa kila ofisi, kwa sikukuu ya tarehe ishirini Mei. Kukataa sikuthubutu. Akiondoka akaniambia, "Dada, hii kazi usikosee. Hii haiko ngombe." Tangu siku hiyo kisu nakishika, nakirudisha.

Ng'ombe nawajua, Papa. Mikono hainitii, vidole vinatoka kama ndizi. Nichoree wewe. Maneno ya chini nitayachonga mwenyewe kinyume na kuyapima kwa kioo cha marehemu mama, kama kawaida. Mbusa wa lori la maharage atapita kwako Jumanne, umpe. Na tafadhali, usiandike Lucienne juu ya bahasha.

Ni mimi, binti yako


Fataki, tarehe 21 Aprili 1976

Binti yangu Lucienne (juu ya bahasha sikuandika, lakini humu ndani ni nyumbani kwangu),

Mbuzi amezaa wawili. Kifua ni kilekile, tumeshazoeana. Natumaini barua hii inakukuta umekula, maana najua ukishika kisu cha kuchongea unasahau sufuria.

Miaka ishirini na miwili nilipanga herufi za risasi pale kwenye mtambo wa chapa wa mapadri, nikiisoma Injili kutoka kuume kwenda kushoto, mpaka mama yako akasema mbinguni nitaingia kinyumenyume. Basi mkono mmoja hauwezi kunishinda. Nilishika kinga cha moto kwa mkono mmoja, nikajitazama kiooni, nikachora, nikafuta, siku tatu. Mathieu wa hapa jirani aliuliza kama akili ziko salama.

Mchoro ndio huu. Kazi yote nimeimaliza, weye chonga tu.

Usiogope. Mwenye kuogopa mkono wake unatetemeka, na lino haijui kusamehe. Ila Laurent amesema kweli: usikosee.

Papa yako


Bunia, tarehe 11 Mei 1976

Papa mpendwa,

Jambo sana. Salamu zako za sufuria nimezipokea, na leo nimekula mara mbili, kwa sababu nimemaliza!

Mchoro wako niliubandika kwenye kioo cha dirisha, nikaufuatisha kwa nyuma, nikauhamishia kwenye lino, nikachonga siku tano bila kujikata. Karatasi ya kwanza ilipotoka ikafanana na mchoro wako kama pacha. Nililia, Emerance akaja mbio akidhani nimejichoma kisu.

Wao waliomba ishirini na tisa, mimi nimetoa thelathini. Zote nimeziandika namba chini kwa kalamu ya risasi, 1/30, 2/30, mpaka mwisho. Laurent akauliza ni za nini. Nikamwambia ni desturi ya kazi, watu wajue ziko ngapi na hakuna itakayozaliwa tena. Desturi yetu nyingine sikuisahau: karatasi ya kwanza ni ya mwalimu. Ndiyo hiyo Mbusa anakuletea. Itundike mahali ambapo mbuzi hawafiki.

Ni mimi, binti yako


Fataki, tarehe 18 Mei 1976

Lucienne,

Leo sikusalimu. Zizuie zile karatasi.

Simama mbele ya mojawapo, nyosha mikono yako miwili, angalia dole gumba liko wapi. Ule mkono ni wa kushoto. Mimi nilikuchorea ukiwa umekwisha kugeuzwa, na mimi pia nilitumia dirisha. Nilikuambia kazi yote nimeimaliza, nikadhani umeelewa. Weye ukaugeuza tena, kama nilivyokufundisha, na mara ya pili ukarudi kuwa wa kuume kwenye lino, karatasi ikautoa wa kushoto.

Kwa mkono wa kushoto hatumpi mtu hata chumvi, sembuse mwenge wa Chama. Mutoto wangu, watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hili.

Kama hujazitoa, zichome. Kama umezitoa, mwambie Laurent wino ni mbaya, unatoka, uzichukue kesho uzirekebishe. Mbusa anasubiri, gari linanguruma.

Papa yako


Bunia, tarehe 26 Mei 1976

Papa,

Barua yako nimeipata juzi. Lori lilizama kwenye matope siku tano. Sikukuu ilikuwa imepita.

Ilianza vizuri. Watu walicheza, wakaimba. Karatasi yangu moja ilikuwa nyuma ya viti vya wakubwa. Aliyeona ni Kaswera. Akasema kwa sauti yake ile ya soko, "Ee, mwenge banatupatia na mukono ya kushoto? Ile ya kujipangusa?" Wanawake wakacheka, kicheko kikapita mstari hadi mstari. Mtu mmoja wa usalama, mwenye miwani, hakucheka. Aliinuka akaenda kuiangalia karibu, akajitazama mikono.

Kesho yake walikuja atelia watatu. Yule wa miwani aliangalia tu, mwenzake ndiye aliyeuliza.

"Ni weye njo ulifanya hii?"

"Ndiyo, njo miye."

"Hapa uliandika makumi tatu. Siye tuko na makumi mbili na kenda. Ile ingine iko kwa nani?"

Nikasema iliharibika, nikaichoma. Akaandika. Halafu akauliza, "Na majivu yake?" Papa, mtu anayeuliza majivu sijui kesho atauliza nini. Anadhani namba zile ni za watu, kwamba tuko thelathini na tunacheka mahali.

Walichukua lino, rulo, wino, hata mwiko. Mlangoni wametia kufuli. Wameniamuru kila Jumatatu na kila Ijumaa nikakae kwenye benchi lao tangu asubuhi. Juzi hakuniuliza mtu kitu. Saa kumi wakaniambia rudi. Laurent akiniona anavuka barabara. Kaswera amefunga meza yake, hatujui yuko wapi.

Mchoro wako hawakuuona, uko ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Lakini ile karatasi ya kwanza uliyo nayo inaninyima usingizi. Wakiikuta kwako, nimedanganya, na wewe umeficha. Ukiichoma, nami nikabanwa kuitoa, sina cha kutoa. Sijui nikuambie nini.

Kosa ni langu. Maneno niliyapima kwa kioo cha mama. Mkono sikuupima, kwa sababu ulikuwa wako.

Ni mimi, binti yako


Fataki, tarehe 1 Juni 1976

Mutoto wangu,

Salamu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Kosa si lako. Fundi akikabidhi kazi anasema imefikia wapi. Mimi nilitaka kujivuna, nikanyamaza nusu. Hayo tuyaache.

Sasa fanya ninavyokuambia, bila maswali. Mpe Mbusa ule mchoro aniletee. Nitauweka pamoja na karatasi, moto mmoja, majivu kwenye shamba la mihogo, tumalize. Na wakikuuliza tena, sema hujui kuchora mikono. Huo si uongo, vidole vyako ni ndizi kweli, hata askari ataona.

Kula. Usiende kwenye lile benchi na njaa.

Papa yako


Bunia, tarehe 8 Juni 1976

Papa mpendwa,

Jambo. Mchoro huo hapo, Mbusa ameuficha chini ya maharage. Uchome siku hiyohiyo, nakuomba.

Jana yule wa miwani alizungumza na mimi kwa mara ya kwanza. Ijumaa ya tarehe kumi na nane nilete karatasi inayopungua, ile namba moja, au jina la mtu aliye nayo. La sivyo nitapelekwa mbali. Hakusema wapi. Nilitamani ataje hata Kisangani, ili niwe na mahali pa kufikiria.

Unaniambia nisiogope. Naogopa, Papa. Mimi si shujaa, nachonga ng'ombe. Juzi gari lilisimama nje, nikajikuta chini ya meza, mchana kweupe, Emerance akinitazama na beseni lake la nguo. Lilikuwa la mtu wa chumvi.

Jina lako sitalitaja. Hilo lala nalo.

Ni mimi, binti yako


Bunia, tarehe 20 Juni 1976

Papa, uko wapi?

Naandika Fataki kwa sababu huenda kesho wakakuachia, nawe ukute neno langu mlangoni.

Ijumaa nilikwenda nimevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, kwa maana Emerance alisema huko sakafu ni baridi. Yule wa miwani akaniambia nirudi nyumbani. "Muzee alikuja, yeye mwenyewe. Alileta ile namba moja na karatasi yenye alichora. Anasema weye haujue kuchora mukono."

Nikapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyechonga, kwamba ni dirisha, tuligeuza mara mbili. Nikachukua kitambaa nikajaribu kumwonyesha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siye tulitafuta mwenye hii mukono. Tumemupata." Akanipa ufunguo wa atelia.

Ulisema moto mmoja, Papa. Ulinidanganya, na mimi nikakufungia mchoro kwa mikono yangu.

Nakuletea chakula kwenye ofisi yao kila saa sita, ingawa hawasemi kama uko humo. Askari wa mlangoni anapokea sahani, jioni anarudisha. Inarudi tupu. Basi unakula. Najishikilia kwenye ile sahani.

Ni mimi, binti yako


Bunia, tarehe 9 Julai 1976

Papa,

Leo ni siku ya tatu sahani inarudi imejaa. Ugali umekauka, samaki hajaguswa. Nimemuuliza askari, "Ni mugonjwa?" Akanijibu, "Mama, leta tu."

Mbusa anasema nyumba yako imefungwa na Mathieu ndiye anayewalisha mbuzi. Atelia iko wazi na sichongi chochote. Nakaa naangalia lile dirisha.

Binti yako


Fataki, tarehe 14 Septemba 1976

Binti yangu Lucienne,

Kama umefika mstari huu, umekwisha kuleta kioo cha mama yako na umeona kwamba aliyeandika hana wazimu. Salamu nyingi. Mimi ni mzima kiasi, wewe je? Mbuzi ni watano. Mathieu amewalisha vizuri kuliko mimi, wananitazama kama mgeni.

Waliniachia tarehe tatu, nikapanda gari la mihogo mpaka hapa. Sikupita kwako. Sikutaka unione kabla sijazoea kujiona.

Siku nyingi waliniuliza nilichora kwa mkono gani. Nilidhani wanatafuta uongo, nikasema kweli: wa kuume. Nikawanyooshea, kama mjinga. Ile sahani iliyokurudia imejaa, samaki nilimwona. Sikuweza kumshika. Mambo mengine sikulia, lakini yule samaki nilimlilia.

Vidole vipo vyote vitano. Havikunjiki, basi. Usinitafutie daktari, nimeshamwona.

Sasa najifunza kwa wa kushoto. Nilipoanza, ukaandika kinyume wenyewe, kutoka kuume, herufi zikitoka kama za risasi kwenye sanduku langu la zamani. Nimeuacha hivyo. Askari wa kizuizi akifungua barua ataona kalamu ya kichaa, ataifunga.

Nilikuambia usiogope. Nakuomba radhi kwa neno hilo. Gari likisimama barabarani, na mimi siku hizi naingia chini ya meza, na meza yangu ni fupi, miguu inabaki nje.

Usije kwanza. Watauliza unakwenda kwa nani. Mbusa atakuambia nimenenepa na ninacheka, nimemfundisha la kusema. Ukinijibu andika kama watu, kusoma bado nasoma mbele.

Chonga ng'ombe wako. Karatasi ya kwanza bado ni yangu.

Papa yako