Maziwa ya Kinyamadege

Gippsland, Ijumaa, 21 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Isobel,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeanza kukutii. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa moyo, nimechoshwa na watu, na zaidi na nafsi yangu.

Jumanne kinyamadege jike alikutwa amekufa kijitoni, chini ya ua wa Lyall Tregear, jirani yangu mfuga ng'ombe. Mdomo wake, ule mpana kama wa bata, ulikuwa na alama za nyavu. Alizama katika mtego wa kunasia kamba wa mtoni, ule wa zamani uliofungwa pande zote. Umepigwa marufuku kwa sababu mnyama huyu akiingia hapati njia ya kwenda kuvuta pumzi. Lyall aliwahi kukamatwa akiwa na mitego hiyo, basi hukumu ikawa tayari kabla ya kikao.

Jumatano tulikutana ukumbini, sisi wa chama cha kuhesabu kinyamadege kila mwezi. Bi Noeline, mwenyekiti, alisema daktari wa wanyama amemkuta na maziwa, kwa hiyo shimoni mna watoto. Mtu mmoja akauliza kwa kejeli, tangu lini mtaga mayai akanyonyesha. Baada ya miaka tisa ya kuhesabu, Isobel. Nikasimama nikaeleza tena: hutaga, huatamia, kisha hunyonyesha bila chuchu, maziwa hutoka ngozini kama jasho, watoto wakayaramba manyoyani. Mama wa namna hiyo ana njaa kubwa, hata hukiacha kijito akatafuta chakula kwenye mabwawa ya mashambani. Tena huziba njia ya shimo kwa udongo kila atokapo, ndiyo maana tumechimba ukingo wa kijito tangu siku hiyo bila kuwaona watoto.

Kisha wakamgeukia Lyall. Mmoja akamwambia arudi kwa ng'ombe wake, maana hao angalau chuchu zao anaziona. Lyall akajibu kwamba mitego yake aliichoma mwaka juzi, na asiyeamini akachambue majivu. Bi Noeline akampa hadi Jumamosi akiri, la sivyo atafukuzwa chamani na kushtakiwa. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, nikasahihisha hata nukta.

Isobel, mtego ulikuwa wangu. Niliutega bwawani kwangu, nikijiambia kwamba bwawa si kijito. Jumatatu alfajiri nilimkuta humo, keshakufa. Nilimbeba hadi kijitoni nikamtia majini, maji yakamfikisha kwa Lyall. Nilipombeba, tumbo lake lilinilowesha viganja, na hayakuwa maji. Somo hilo nimelifundisha miaka thelathini na moja.

Leo asubuhi nilimwendea Lyall nikamwambia yote, na kwamba kesho nitasimama mbele ya wote. Nilitarajia matusi. Aliniuliza jambo moja tu: kama Jumatatu ile nilijua ana maziwa. Nikasema nilijua. Akachukua sepetu, akashuka kijitoni bila kuniita. Nilimfuata. Tumechimba hadi mchana, yeye upande wake, mimi wangu, wala hajanitazama.

Wasalimie wanao, lakini usiwasomee barua hii kabla ya Jumapili. Sasa narudi kuchimba.

Kaka yako,
Mervyn